Bi. Rolande Dubé Sirois na Dume wa Kinamasi cha Kijito Cheusi

Ndugu, jamaa na majirani wa Saint-Severin, leo Jumamosi tarehe 20 Mei 2023 ardhi ya makaburi yetu imekubali kuchimbika, nasi tumekuja kumzika Bi. Rolande Dubé Sirois, aliyetutoka tangu Januari. Anayesoma ni mimi, Lisette Dubé, binti wa kaka yake. Watoto wake wapo hapa, lakini marehemu aliniteua mimi. Alisema Gisèle atalia na Marc atafupisha. Aliagiza pia wasifu huu usisomwe kanisani bali hapa hapa kaburini, na usomwe polepole, kuwe na usubi kusiwe na usubi. Kwa hiyo jipakeni dawa, mvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 katika nyumba ya barabara ya juu, hapa Saint-Severin, kwenye Bonde la Mto Saint John, kaskazini kabisa mwa Maine. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Elzéar Dubé, mkata magogo na mkulima wa viazi, na mkewe Bi. Alma. Wa kwanza alikuwa Ludger, baba yangu mzazi, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitano. Siku hiyo theluji ilikuwa imefika madirishani na mkunga aliletwa kwa farasi. Ludger alipoambiwa kwamba ni msichana, alisema, “Basi bunduki ya Babu ni yangu.” Alikosea. Mzee Elzéar hakuwa mtu wa kugawa mambo namna hiyo, na wote wawili aliwafundisha kupiga shabaha kwa bunduki moja, kwa zamu, huku wakisukumana.

Alianza shule mwaka 1950. Wakati huo Kifaransa chetu kilikuwa marufuku shuleni, hata uwanjani, na aliyenaswa akikisema aliadhibiwa. Rolande aliadhibiwa siku ya pili. Akaamua kutosema lugha yoyote. Alikaa kimya darasani mwaka huo wote na nusu ya uliofuata, huku akiandika majibu sahihi ubaoni. Mwalimu, aliyetoka kusini, alimwita Bi. Alma akamwuliza kwa upole kama mtoto ni bubu. Bi. Alma akasema, “Si bubu. Amekasirika.” Nawaomba mlikumbuke jibu hilo, maana linaeleza mengi. Kila vuli, shule zilipofungwa kwa mavuno ya viazi, alijaza mapipa mengi kuliko kaka yake, na kila vuli kaka yake alisema mapipa yake yeye yalikuwa yamejaa zaidi. Alihitimu sekondari Juni 1962.

Jumamosi za Novemba baba yao aliwachukua msituni. Hapa sina budi kusema kidogo juu ya ayala wetu, yule kulungu wa mkia mweupe, kwa ajili ya wageni waliotoka mbali. Msitu wetu hauna mashamba ya mahindi ambako ayala hukusanyika jioni mtu akawangojea juu ya mti. Una mierezi, misonobari, vinamasi, na barabara za malori ya magogo. Ayala ni wachache kwa sababu baridi huwaua. Unaweza kutembea wiki nzima usione hata mkia. Na dume aliyezeeka humu amezeeka kwa akili: akihisi anafuatwa huzunguka, akasimama mahali upepo unamletea harufu yako, akakutazama ukipita. Njia ya kumpata ni moja tu, nayo ni theluji mpya, nyayo mbichi na miguu yako. Unaanza asubuhi, unakwenda anakokwenda yeye, na ukibahatika unamwona kabla hajakuona.

Ndiyo maana tuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Nyayo ni za aliyeanza kuzifuata. Giza likimkuta njiani, anakata tawi la msonobari, analilaza juu ya nyayo pale zinapovuka barabara, anakwenda kulala. Kesho yake, awe nani, akiona tawi na alama za buti, anapita. Mzee Elzéar alikuwa akisema kuna wezi wa aina mbili, mwizi wa farasi na mrukaji wa tawi, na mwizi wa farasi angalau huwa na haraka ya kwenda mahali.

Kazi yake ya kwanza, kuanzia 1964, ilikuwa kuendesha basi la shule. Alipita barabara zetu miaka ishirini, theluji na matope, wala hakumwacha mtoto hata mmoja, ingawa wengine aliwatishia. Tarehe 18 Juni 1966 alifunga ndoa na Clovis Sirois, fundi aliyetengeneza mabasi hayo hayo. Marehemu Clovis alikuwa mtu mwema aliyeogopa damu. Mara moja, mwanzoni mwa ndoa, Rolande alimwomba amshikie taa apasue ayala bandani. Alimwokota yeye kwanza, kisha ayala. Tangu hapo waligawana kazi: mke aliwinda, mume alipika ploye, na mikate ile ya ngano nyeusi ilikuwa myembamba, yenye vitundu, isiyoungua. Waliishi hivyo miaka arobaini na minane bila ugomvi unaofaa kusimuliwa. Walijaliwa watoto wawili, Gisèle na Marc.

Ugomvi unaofaa kusimuliwa alikuwa nao na baba yangu.

Mwaka 1961 baba alikwenda Connecticut kufanya kazi kiwandani, kama walivyokwenda nusu ya vijana wa Bonde hili, akaoa huko, nasi tukazaliwa huko. Lakini kila Novemba tulirudi kwa Sikukuu ya Shukrani. Alhamisi ya tarehe 24 Novemba 1983 tulikuwa mezani kwa Shangazi. Baba alikuwa ameshiba na amekunywa kidogo. Akainua uma.

“Watu huuliza ayala wagumu kuwinda wako wapi,” alisema. “Msiniambie ni huku. Huku ni kutembea tu. Mleta barua naye anatembea, mbona hatumwiti mwindaji? Njooni Connecticut! Ayala anakula maua mlangoni kwa mtu, anakutazama hivi, anajua kabisa huruhusiwi. Unakwenda kuomba ruhusa kwa mama mwenye nyumba, unakuta mama kashampa jina. Haya niambieni, utampigaje risasi mnyama mwenye jina?”

Watu walicheka. Shangazi alikuwa akikata pai.

“Kaka, huyo si ayala mgumu. Huyo ni jirani mgumu.”

“Haya, wako yuko wapi?”

“Kinamasi cha Kijito Cheusi. Mna dume mle, kwato zake zinajaza kiganja changu. Mtoe kwa miguu yako, kwa kumfuata, nami nitakiri mbele ya watu kwamba wewe ni mwindaji na mimi ni dereva wa basi.”

“Umesema!”

“Nimesema. Chukua pai.”

Theluji ilianguka usiku huo. Ijumaa baba alilala mpaka jua likawa juu. Shangazi hakulala. Kulipokucha alikuwa ameshapata nyayo za dume yule nyuma ya kilima cha kina Caron, akamfuata siku nzima. Dume alizunguka, akarudi nyuma, akapita ndani ya maji ya kijito, akakanyaga nyayo za majike ili zake zipotee. Hakumpoteza. Jioni nyayo zilivuka barabara ya magogo na kuingia kinamasini. Alijua kwamba dume amechoka na atalala humo humo, hawezi kwenda mbali. Akakata tawi, akalilaza juu ya nyayo kando ya barabara, akaenda nyumbani. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa siku ya mwisho ya msimu.

Yaliyotokea Jumamosi nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao yalilingana isipokuwa kwa jambo moja. Shangazi alifika barabarani mwanga ulipokuwa unaanza. Alikuta pikapu yenye namba za Connecticut. Alikuta tawi pale pale alipolilaza, na buti kubwa zimepita juu yake zikafuata nyayo za dume. Akaingia nyuma yao. Hakuwa amekwenda mbali aliposikia mlio wa bunduki, mmoja tu. Akamkuta kaka yake amepiga magoti kando ya dume.

“Ala! Rolande! Kumbe nyayo ni zako?”

“Hukuziona buti zangu?”

“Niliona buti ndogo. Nikadhani ni za mtoto wa mtu.”

“Na mtoto wa mtu hana haki?”

Baba alianza kutafuta kisu mfukoni.

“Na tawi?” aliuliza Shangazi.

“Tawi gani?”

Hilo ndilo jambo ambalo hawakulingana. Baba alisema hakuona tawi, labda theluji ililifunika. Shangazi alisema theluji haikuanguka tena tangu Ijumaa alfajiri, na tawi lilikuwa la kijani juu ya weupe mtupu, kipofu angeliona.

Lakini kwetu mtu hamwachi mwenzake kinamasini na mnyama wa ukubwa ule, hata awe amemkosea nini. Shangazi alivua kizibao chake cha rangi ya chungwa, akakifunga kiunoni, akashika kamba. Walimburuta dume yule, yeye kushoto na kaka yake kulia, kupita magogo yaliyoanguka na barafu isiyobeba, mpaka mchana. Baba alisema alijaribu kuongea mara kadhaa. Shangazi alikuwa anasikiliza kamba.

Walimpeleka kwenye mizani ya duka la Philibert Thériault, kama ilivyokuwa desturi. Bila matumbo alikuwa na ratili mia mbili thelathini na nane, na hapakuwa na mkubwa kuliko yeye mwaka ule. Watatu walikuwepo barazani: Philibert mwenyewe, Onézime Caron, na Théodule Michaud. Wote walikuwa wawindaji wa siku nyingi, na neno lao ndilo lililomfanya mtu kuwa mwindaji au kutokuwa. Baba aliwasimulia jinsi alivyomfuata dume tangu alfajiri. Walimpigapiga mabegani. Shangazi alikuwa amesimama pale, kamba bado mkononi.

“Na wewe Rolande,” alisema Théodule, “leo umesaidia kuvuta, eh? Afadhali, mwanamke awe na nguvu.”

Shangazi alimsogelea kaka yake, akamwambia kwa sauti ya chini, “Waambie.”

“Niwaambie nini?”

“Ludger. Waambie.”

Baba alicheka, akawageukia wenzake. “Dada yangu ana ahadi ya kutimiza. Haya, dada, si ulisema?”

Na yeye, kwa sababu alikuwa amesema, akasema. Alisimama wima mbele ya wale watatu, akatamka kila neno: “Ludger ni mwindaji. Mimi ni dereva wa basi.” Akaweka kamba chini, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Tangu hapo hakumwambia kaka yake neno kwa miaka thelathini na tisa.

Nataka ieleweke alichokitaka, kwa sababu watu wamesema mengi. Hakutaka nyama. Baba alimpelekea paja zima, akalipokea, akalipika, akasema nyama haina kosa. Hakutaka pembe, zilizotundikwa juu ya kaunta ya Philibert na jina la L. Dubé chini yake. Alitaka kaka yake aseme, mbele ya watu waliosikia uongo, kwamba aliona tawi. Basi. Na baba, ambaye ni mtu mwema, niliyemwona akisimamisha gari kumvusha kobe barabara, hilo tu lilimshinda.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka 1984 Shangazi aliacha basi, akafanya mtihani wa leseni ya kuongoza wawindaji, akafanya kazi hiyo mpaka 2016. Wateja walitoka mbali, na wote waliuliza swali lile lile, ayala wagumu wako wapi. Bwana mmoja wa Pennsylvania aliuliza huku akitembea, akivunja vijiti kwa kila hatua. “Wako kila mahali ulipo wewe,” alimjibu. Lakini akiwa ametulia, jioni, buti zikikauka, alijibu kwa makini zaidi. Alisema palipo na ayala wengi, akikukimbia mmoja leo utampata mwingine kesho. Wagumu ni hawa wetu, kwa sababu ukimkosa mmoja huenda usimpate mwingine maisha yako yote. Sikuwahi kumwuliza kama alikuwa anasema habari za ayala tu.

Kuhusu tabia yake, niliandika mwanzoni kwamba marehemu alikuwa mpole. Nilimsomea Desemba iliyopita. Akasema, “Futa. Watu watadhani mmeleta jeneza la mwingine.” Nimefuta. Alikuwa mkali, mwaminifu, mchoyo wa sifa, na katika karata alikuwa mwizi. Alikuwa pia mtu wa kwanza kufika nyumba yoyote iliyopatwa na msiba, akiwa na sufuria.

Mwaka 2003 baba alistaafu, akarudi, akanunua nyumba inayotazamana na ya dada yake. Angeweza kununua kwingine. Kwa karibu miaka ishirini tuliishi na kichekesho ambacho hakikuwa kinachekesha. Wakiwa chumba kimoja, Shangazi alimwambia mtu wa tatu, “Mwambie kaka yangu afunge mlango, baridi inaingia,” na baba alikuwa ameshafunga kabla mtu wa tatu hajafumbua kinywa. Clovis alipofariki mwaka 2014, baba alianza kuondoa theluji mlangoni kwa dada yake kila alfajiri. Akimaliza, alikuta ploye moto juu ya nguzo ya ua, zimefunikwa kitambaa. Alikula akiwa amesimama, akarudisha kitambaa kimekunjwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake asante. Mtu asidhani hawakupendana. Walipendana sana, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa mabaya.

Mwaka 2019 madaktari waliona mapafu ya Shangazi yanakuwa magumu. Mwaka 2021 aliacha kuwinda, na mwaka uliofuata alikuwa haendi popote bila mashine ya hewa. Novemba 2022 daktari alituambia hataiona Pasaka. Baba alisikia. Jumamosi ya tarehe 26 Novemba, siku ya mwisho ya msimu, alivaa koti la kanisani akaenda dukani.

Duka sasa ni la mjukuu wa Philibert. Linauza piza. Baba alisimama mbele ya kaunta, akavua kofia, akasema kwa sauti kwamba dume yule pale juu hakuwa wake. Nimehadithiwa na msichana wa kaunta.

“Dume gani, Mzee?”

“Yule. Pembe zile.”

“Aa, zile? Mimi nilidhani za plastiki.”

Walimpa kahawa wakamkalisha, wakidhani kichwa kimeanza kumzunguka. Hakunywa. Alitoka, akaja moja kwa moja nyumbani kwa dada yake, akaingia bila kubisha. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nabadilisha shuka.

“Nimesema,” alisema baba.

Shangazi alimgeukia. Nilijiandaa kuwa mtu wa tatu. Lakini alimjibu mwenyewe.

“Umesema nini?”

“Kwamba niliona tawi. Nililiona vizuri sana, Rolande. Nikaliruka. Niliona na buti, nikajua ni zako, nani mwingine ana mguu ule. Nyayo zilikuwa zako na dume alikuwa wako.”

“Umesemea wapi?”

“Dukani.”

“Mbele ya nani?”

“Mjukuu wa Philibert.” Akafikiri. “Msichana wa piza. Na mabwana wawili wa Massachusetts.”

Shangazi alianza kucheka. Alicheka mpaka mashine ikalia, nikakimbilia mirija. “Lo! Ludger! Umekwenda kuungama kwa watalii!”

“Ndio waliokuwepo!”

“Philibert yuko wapi?”

“Si amekufa.”

“Onézime?”

“Amekufa, ulikwenda mazishi yake.”

“Na Théodule?”

“Rolande, wote wako makaburini.”

“Vizuri. Na mimi nakwenda huko huko. Siku ya kunizika utakuwa umesimama katikati yao. Utasema hapo.”

Baba alikaa kwenye kiti. “Nina miaka themanini na mitatu. Ukifa wakati wa baridi, ardhi haichimbiki mpaka Mei.”

“Basi ishi mpaka Mei.”

“Thubutu! Mtu anaamuriwa kuishi?”

“Unaamuriwa na mimi.”

Tangu siku hiyo alivuka barabara kila asubuhi baada ya kuondoa theluji, na ploye walikula ndani, mezani. Walibishana. Mungu wangu, walivyobishana. Mapipa ya viazi ya mwaka 1951, bunduki ya Babu, Connecticut. Siku moja Shangazi alikubali kwamba ayala mwenye jina naye ni mgumu kwa namna yake, na baba alitembea siku nzima kama mtu aliyepewa nishani. Walipata majuma sita tu. Nikifikiria hayo majuma sita kando ya ile miaka thelathini na tisa, nawakasirikia wote wawili, yeye aliye ndani ya sanduku hili na yule aliyesimama pale na fimbo. Naomba radhi kwa Padri, lakini ndivyo ninavyojisikia.

Bi. Rolande Dubé Sirois alifariki Jumatano tarehe 11 Januari 2023, saa nane mchana, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Gisèle alikuwa amemshika mkono mmoja na Marc mwingine. Baba alikuwa anamweleza kwa nini amekosea jambo fulani. Aliendelea kueleza kidogo kabla hatujamgusa bega. Misa ilisomwa tarehe 16 Januari, na marehemu akahifadhiwa katika nyumba ya mawe iliyo nyuma ya kanisa, pamoja na wenzake wa msimu huo, kungojea ardhi ilainike.

Baba naye alingoja. Alianza kula mboga. Alivaa kofia mbili. Ngazi aliigawa kwa jirani ili asije akajaribiwa kuipanda. Machi alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na muuguzi alipomwuliza kama ana jambo la kusema kwa familia, alimwambia jambo analo ila si la familia, ni la mazishi, na ana miadi Mei. Wiki mbili baadaye alikuwa nyumbani akiuliza kama barafu ya mto imeanza kupasuka.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, Mzee Elzéar na Bi. Alma, na mumewe mpendwa Clovis. Ameacha binti yake Gisèle na mumewe Alden, wa Portland, mwanawe Marc, wa hapa Saint-Severin, wajukuu watatu, mimi niliyekuwa mtu wa tatu, na wawindaji wengi ambao aliwafundisha kunyamaza.

Ameacha pia kaka mmoja, Mzee Ludger Dubé. Baba, karibu mbele. Usisimame hapo kwenye nyasi, sogea mpaka hapa. Philibert Thériault yuko kushoto kwako, jiwe jekundu. Onézime Caron yuko nyuma yake. Théodule Michaud yuko kule karibu na ua, na alikuwa mzito wa kusikia tangu akiwa hai, kwa hiyo utapaza sauti. Jeneza halitashushwa kabla hujamaliza. Ndivyo alivyoagiza, na wachimbaji wameambiwa.

Useme ulichoona, ulichofanya, na dume alikuwa wa nani.

Baada ya hapo, apumzike.